KIPIMO CHA DAMU CHA KONGOSHO: Kinasema nini, na wakati gani kinanyamaza



Ndugu msomaji, Ijumaa moja baada ya swala hapa Murusagamba nilishikwa mkono na ndugu watatu wakaniketisha barazani. Mmoja wao alikuwa ametoka safari ya mjini na karatasi iliyochapwa kwa rangi. Ndani yake mlikuwa na orodha ndefu ya viungo vya mwili, na mbele ya neno "kongosho" paliandikwa kuwa kiungo hicho "kimechoka kwa kiwango cha kati". Anasema alishikishwa kijiti cha chuma kwa muda wa dakika moja tu, mashine ikalia, karatasi ikatoka, kisha akauziwa makopo mawili ya vidonge. Alilipa fedha aliyokuwa ameuzia mbuzi.

Swali lao lilikuwa: je, kongosho hupimwa namna hiyo? Na kama hupimwa kwa damu, hiyo damu inaonyesha nini? Niliwajibu kwa kifupi pale pale, nikaahidi kulieleza kwa urefu katika safu hii, maana nimeona kuwa wengi wetu tunasumbuliwa na tumbo miaka nenda rudi na hatujui tupime nini.

KIUNGO CHENYEWE

Kongosho imelala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Urefu wake kwa mtu mzima ni kama sentimita 15, na uzito wake ni kiasi cha gramu 80 hadi 100. Wale wanaochinja mbuzi wakati wa Idi wameiona mara nyingi bila kuitambua. Ni kipande cha rangi ya waridi iliyofifia, chenye vinundu vinundu, kilichoshikana na mwanzo wa utumbo mwembamba. Wengi hukipita wakidhani ni mafuta tu.

Kiungo hiki kina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kumwaga katika damu homoni ya insulini na nyinginezo zinazosimamia sukari. Hii inajulikana kwa wengi kwa sababu ya ugonjwa wa kisukari. Kazi ya pili haisemwi sana: kongosho hutengeneza maji ya kusaga chakula, yapata lita moja na nusu kwa siku, yenye vimeng'enya vya kuvunja wanga, mafuta na protini. Maji hayo hupita katika mrija mwembamba, na mrija huo kwa watu wengi hukutana na mrija wa nyongo kabla ya kufunguka katika utumbo. Msomaji alishike hili la mirija miwili kuwa na mlango mmoja, kwani tutalirudia.

Sasa tazama hekima ya Muumba. Vimeng'enya vikali vya kuvunja protini hutengenezwa vikiwa vimelala, huamshwa vikishafika katika utumbo. Vingekuwa macho tangu mwanzo, vingeisaga kongosho yenyewe, kwani nayo ni nyama. Mlango ukizibwa, au kongosho ikijeruhiwa na sababu nyingine, vimeng'enya huamka humo humo ndani na kiungo huanza kujisaga. Huu ndio uvimbe mkali wa kongosho. Mgonjwa anaweza kufa kwa siku chache.

MWALIMU NILIYEMUULIZA KUHUSU POMBE

Nitaeleza kisa kimoja ambacho nilikosea mimi mwenyewe. Nilikuwa mgeni katika kazi, katika kituo kingine si hiki nilichopo. Ilikuwa Ramadhani, usiku baada ya tarawehe, akaletwa kwa pikipiki mwalimu wa madrasa mwenye umri wa miaka hamsini na kitu. Maumivu yalimwanza baada ya futari nzito ya vitu vya kukaangwa. Yalikuwa juu ya kitovu, yakipenya moja kwa moja hadi mgongoni. Alikuwa ametapika mara nyingi na kutapika hakukumpa nafuu. Alipolazwa chali alilia. Alipoinama mbele akikumbatia magoti alitulia kidogo. Mkewe alisema hiyo ni mara ya tatu mwaka ule. Mara ya kwanza aliambiwa ni taifodi, mara ya pili vidonda vya tumbo.

Chuoni tulifundishwa kuwa sababu kubwa za uvimbe wa kongosho ni mbili, mawe ya nyongo na pombe. Basi mimi, mbele ya mkewe na kijana wake, nikamuuliza: "Mwalimu, samahani, huwa unatumia pombe?"

Alinitazama kwa muda, na maumivu yake yote yale. Akasema, "Mwanangu, nimewasomesha alifu na be watoto wa kijiji hiki kizima, leo unaniuliza hilo mbele ya mwanangu?"

Swali halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mahali na namna nilivyouliza. Siku hizi huwatoa watu nje kwanza, kisha husema, "Hili humuuliza kila mtu mwenye maumivu kama yako, awe sheikh au padri, mwanamume au mwanamke." Na ninyi ndugu zangu, mkisikia mwenzenu amelazwa kwa maradhi ya kongosho, msianze kunong'ona kuwa kumbe alikuwa akinywa rubisi kwa siri. Wapo wengi wanaougua ambao hawajapata kuonja kileo maishani mwao. Mwalimu yule alikuwa mmoja wao.

Nilimwekea dripu ya maji, nikampa dawa ya maumivu, nikaandika rufaa ya usiku ule ule. Familia haikuwa na fedha ya gari. Wakasubiri wauze ndizi na maharage, wakati huo akipewa dawa za miti na kusomewa dua. Siku zikapita. Alipofika hospitali kubwa ilikuwa siku ya sita tangu maumivu yaanze. Akatolewa damu, kikapimwa kimeng'enya kimoja kiitwacho amilesi, jibu likaja kuwa ni sawa kabisa. Mtu wa kwanza kulisoma jibu lile akawaambia kongosho ni nzima, warudi nyumbani. Daktari mwingine aliyepita wodini baadaye hakuridhika. Akaagiza kipimo cha lipesi na picha ya altrasaundi. Lipesi ilikuwa juu sana, na altrasaundi ikaonyesha mawe katika kifuko cha nyongo.

Ni damu ya mtu mmoja, na ugonjwa ni mmoja. Kwa nini kipimo kimoja kiliona na kingine hakikuona?

AMILESI NA LIPESI

Amilesi ni kimeng'enya cha kuvunja wanga, na lipesi ni cha kuvunja mafuta. Katika hali ya kawaida vyote viwili humwagwa katika utumbo, na kiasi kidogo tu huonekana katika damu. Kongosho ikijeruhiwa, vimeng'enya huvuja na kuingia katika damu kwa wingi. Mtaalamu wa maabara huchukua damu ya mshipani, huiacha igande, huizungusha kwa mashine ili maji yake ya njano yajitenge, kisha hupima katika maji hayo.

Anayetaka kuona amilesi ikifanya kazi anaweza kujaribu jikoni. Pika uji mwepesi wa unga wa muhogo, uache upoe, ugawe katika vikombe viwili. Kimoja tia mate ya kutosha, ukoroge, usubiri nusu saa. Kisha tia katika kila kikombe tone la ile dawa ya iodini ya kusafishia vidonda. Kikombe kisicho na mate kitageuka buluu iliyokoza karibu na weusi, kwa sababu iodini ikikutana na wanga hufanya rangi hiyo. Kikombe chenye mate rangi yake itakuwa hafifu au haitakuwapo, kwa kuwa amilesi ya mate imekwisha kuuvunja wanga. Mwagia mbali vyote viwili, watoto wasije wakanywa. Kwa kanuni hii hii ya wanga na iodini, Julius Wohlgemuth wa Berlin alitunga kipimo chake mwaka 1908, na mwaka 1929 Robert Elman na wenzake wa Marekani wakaonyesha kuwa amilesi ya damu hupanda kongosho inapougua. Mashine za leo hutumia kemikali nyingine, lakini wazo ni lile lile.

Jaribio hilo limetufunulia pia udhaifu wa kipimo. Ikiwa amilesi imo katika mate, basi haitoki katika kongosho peke yake. Mtoto mwenye matubwitubwi, yaani uvimbe wa tezi za mashavu, amilesi yake hupanda. Hupanda pia kwa mwenye figo zilizoshindwa, kwa mwenye kidonda cha tumbo kilichotoboka, kwa aliyezibwa utumbo, na kwa mwanamke ambaye mimba imetunga nje ya kizazi. Wote hawa wana maumivu ya tumbo, na baadhi yao wanahitaji kisu usiku huo huo! Tabibu anayeona amilesi imepanda akasema "kongosho" bila kumshika mgonjwa tumbo anaweza kumpoteza mama mwenye mimba ya nje. Ndiyo maana mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye maumivu makali ya tumbo apimwe mimba kwanza, hata akisema haiwezekani.

Udhaifu wa pili ni wa muda, na ndio uliotupata kwa mwalimu. Amilesi hupanda ndani ya saa chache tangu ugonjwa uanze, na kwa kawaida hushuka na kuwa sawa baada ya siku tatu hadi tano. Lipesi nayo hupanda mapema, hufikia kilele kama baada ya saa 24, kisha hubaki juu kwa siku nane hadi kumi na nne. Ukichelewa siku sita, amilesi imekwisha ondoka na lipesi ingali ipo. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa lipesi hutoka zaidi katika kongosho, siku hizi waganga huitegemea lipesi kuliko amilesi. Palipo na kimoja tu, kitumike kwa kuzingatia siku. Unapofika maabara sema wazi: "Maumivu yalianza siku fulani, saa fulani." Maneno hayo yana uzito sawa na damu yenyewe.

Jambo jingine ni kiwango. Kupanda kidogo si hoja. Kinachohesabiwa ni kufikia mara tatu au zaidi ya kikomo cha juu cha kawaida cha maabara husika. Kama karatasi yako imeandika kuwa kawaida mwisho ni 100, basi 130 haikupi ugonjwa wa kongosho, lakini 300 na kuendelea inatia shaka nzito. Kila maabara ina kikomo chake, hivyo usilinganishe karatasi yako na ya jirani. Tena, kwa utaratibu uliokubaliwa na wataalamu mwaka 2012, ugonjwa huthibitishwa yakipatikana mawili kati ya haya matatu: maumivu ya namna niliyoeleza, vimeng'enya vilivyofika mara tatu, na picha inayoonyesha uvimbe. Kwa hiyo mgonjwa mwenye maumivu kamili na lipesi iliyopanda hahitaji kusubiri picha ndipo atibiwe. Wala kiwango cha kimeng'enya hakipimi ukali wa ugonjwa. Nimeona mwenye kiwango kikubwa sana akitoka wodini baada ya siku tatu.

Damu hiyo hiyo inafaa kutafutiwa sababu. Kipimo cha ini kiitwacho ALT kikipanda sana siku ya kwanza, jiwe la nyongo linashukiwa, maana limeziba ule mlango wa pamoja. Mafuta ya damu yakizidi miligramu 1,000 kwa desilita nayo huweza kuwasha kongosho, na hapo ile sehemu ya maji ya damu huonekana nyeupe kama maziwa. Ajabu ni kwamba mafuta mengi namna hiyo yanaweza kuificha amilesi ikaonekana ya kawaida. Madini ya kalsiamu yakizidi ni sababu pia, na baadhi ya dawa. Wenye kumbukumbu ya miaka ya 2000, dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilipoanza kufika kwetu, watakumbuka kuwa didanosini na stavudini zilikuwa zikiwaletea baadhi ya watu maradhi haya. Zimeachwa zamani, na anayetumia dawa za sasa asiache dozi yake kwa kusoma mstari huu.

KONGOSHO INAYOKUFA POLEPOLE

Hadi hapa nimezungumzia shambulio la ghafla. Kuna namna ya pili, ambapo kongosho huungua kidogo kidogo kwa miaka hadi ikabaki kovu. Hapa amilesi na lipesi zinaweza kuwa sawa kabisa, na sababu yake ni nyepesi: kiwanda kimekufa, hakuna cha kuvuja. Mgonjwa huyu akipimwa vimeng'enya vya damu akaambiwa mzima, amedanganyika.

Dalili zake huonekana chooni. Mafuta ya chakula hayasagwi, hivyo choo huwa kingi, cha rangi ya kijivu au njano, chenye harufu kali, huelea na kuacha mafuta juu ya maji. Sisi tunaostanji kwa maji tuna faida hapa, kwani mtu huona mkono unateleza kama ulioshika samli na sabuni haitoi kwa mara moja. Nimewahi kumtambua mgonjwa kwa neno hilo tu, baada ya kumuuliza kwa faragha. Mwili hukonda ingawa anakula. Wengi huambiwa wamerogwa, au wana UKIMWI ilhali wamepimwa na hawana. Baada ya muda sukari hupanda.

Basi kwa mtu huyu kipimo cha damu cha kwanza ni sukari, ambacho vituo vya afya vinacho. Aliyefunga usiku kucha akipatikana na 7.0 au zaidi, au aliyepimwa wakati wowote akapatikana na 11.1 au zaidi huku akikojoa sana na kukonda, huyo ana kisukari. Kisha kuna kipimo cha choo kiitwacho elastesi, kinachopatikana katika baadhi ya maabara za miji mikubwa. Kikiwa chini ya 200 kongosho inashukiwa kushindwa kusaga. Picha nayo huonyesha vijiwe vyeupe ndani ya kongosho, wakati mwingine hata eksirei ya kawaida ya tumbo inatosha.

Maradhi haya si ya Ulaya peke yake. Mwaka 1960 daktari A. G. Shaper, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, hapa hapa jirani, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu maradhi sugu ya kongosho na upungufu wa protini. Mwaka mmoja kabla yake Zuidema alikuwa ameandika juu ya wagonjwa wa Indonesia, watu maskini waliokonda, wenye vijiwe katika kongosho na kisukari, wasio walevi. Mwaka 1979 watafiti wakaushuku muhogo mchungu, kwa sumu yake. Hoja hiyo haikusimama vizuri, kwani yapo maeneo wanakula muhogo kila siku bila ugonjwa huu, na yapo yenye ugonjwa bila muhogo. Baadaye imeonekana kuwa urithi wa familia nao una sehemu. Sisi wa Ngara na Biharamulo tusiutupe muhogo wetu. Ule mchungu uloekwe na kukaushwa ipasavyo bila kukatisha siku, maana madhara yake kwa miguu yanajulikana, ugonjwa wa konzo umeshawapata watu wa Tarime. Na chakula cha watoto kisiwe ugali mtupu, maharage tunalima wenyewe.

MASHINE YA KIJITI

Turudi kwa yule ndugu wa karatasi ya rangi. Nimeeleza kwamba amilesi na lipesi zimo katika maji ya damu, na ili zipimwe ni lazima damu itoke mwilini, igande, izungushwe, ikutanishwe na kemikali. Mashine ambayo haikutoa hata tone la damu haikupima lolote kati ya hayo. Mwambie mwenye mashine akuonyeshe kipimo chake kwa namba na kikomo cha kawaida, na akupe karatasi upeleke hospitali. Mara nyingi utaona anarudi kwenye makopo.

Pia kuna mtindo wa kumpima kila mwenye tumbo taifodi na bakteria wa vidonda vya tumbo kwa tone la damu, kisha kumpa dawa kila jibu likisema "chanya". Vipimo hivyo huangalia kinga ya mwili, na kinga hubaki hata miezi au miaka baada ya wadudu kuondoka. Mwalimu wangu alimeza dawa za taifodi na za vidonda, na jiwe likabaki pale pale.

MASWALI YA KIDINI

Niliulizwa pia barazani kama kutoa damu ya kipimo kunabatilisha saumu. Mimi nimesoma madrasa, si mufti, lakini haya nimeyasoma kwa walimu. Jamhuri ya wanazuoni wanaona kuwa hata kupiga chuku, yaani hijama, hakufunguzi. Imamu Ahmad ndiye mwenye rai kwamba kunafunguza. Ama damu kidogo ya maabara au ya kuchomwa kidole, hata Sheikh Ibn Baz, aliyeifuata rai hiyo ya hijama, alisema haiharibu saumu. Kwa hiyo mwenye kisukari asiache kupima mchana wa Ramadhani. Dripu ya chakula au sukari hiyo inafunguza, na mwenye shambulio la kongosho anaihitaji dripu. Huyo ni mgonjwa mwenye ruhusa, ale na kunywa kadiri daktari anavyoruhusu, atalipa akipona. Amilesi na lipesi hazihitaji mtu afunge kula kabla ya kupimwa. Sukari ya asubuhi ndiyo inayohitaji.

Swali zito zaidi nimewahi kuulizwa na mama mmoja ambaye mwanawe kongosho yake ilishindwa kusaga. Tiba yake ni vidonge vyenye vimeng'enya, vinavyomezwa pamoja na chakula, na vimeng'enya hivyo hutolewa katika kongosho ya nguruwe. Ni kweli, tusifiche. Vipo vingine vinavyotokana na ukungu, lakini nguvu yake ni ndogo. Wapo wanazuoni wanaosema kitu kikigeuka hali yake kabisa hukumu yake hugeuka, na wapo wasiokubali kwa jambo hili. Lakini mlango wa dharura uko wazi katika Qur'an, Suratul Baqara aya ya 173, na wanazuoni wengi wa zama hizi wameruhusu dawa ambayo haina mbadala unaofaa kwa mgonjwa anayedhurika bila hiyo. Yule mama nilimshauri aende kwa sheikh wake, nikamwandikia kwenye karatasi mambo matatu ya kumweleza: mtoto anakonda kwa kiasi gani, dawa inatoka wapi, na mbadala upo au haupo. Sheikh akiletewa swali nusu hutoa jibu nusu.

Ama insulini, wapo wanaoikataa hadi leo kwa kusikia kuwa ni ya nguruwe. Zamani ilitolewa kwa ng'ombe na nguruwe. Tangu mwaka 1982 ilianza kuuzwa insulini ya aina ya binadamu inayotengenezwa kwa vijidudu maabara, na ndiyo inayotumika sasa. Mtu asife kwa habari ya miaka arobaini iliyopita.

USAFI UNAINGIAJE HAPA

Huenda msomaji akajiuliza safu ya usafi inahusianaje na kongosho. Kumbuka ule mlango wa pamoja wa nyongo na kongosho. Mnyoo mviringo aina ya askarisi, ule mrefu mweupe unaotoka kwa watoto, una tabia ya kupenya vitundu. Akiingia katika mlango ule huziba, na uvimbe wa kongosho hufuata. Mayai yake hutoka katika kinyesi yakakaa udongoni, yakarudi kwa mkono, mboga au tunda lisilooshwa. Choo cha shimo chenye mfuniko, sabuni baada ya kustanji na si maji peke yake, na dawa za minyoo zinazotolewa shuleni, hayo yote yanailinda kongosho ya mtoto.

Wanaojipima sukari nyumbani wasichangie sindano ya kuchomea kidole hata mume na mke, kwa ajili ya homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Ile iliyotumika itiwe katika chupa ngumu na kurudishwa kituoni.

WAKATI WA KUKIMBIA

Maumivu ya juu ya kitovu yanayopenya mgongoni pamoja na kutapika, yasiyotulia kwa saa chache, si ya kusubiri ndizi ziuzwe. Kituo cha afya kianze dripu na dawa ya maumivu, kwa kuwa maji ya mapema ndiyo tiba ya kwanza, kisha rufaa: kwetu ni Nyamiaga, Murgwanza au Rulenge, na kwa mambo makubwa ni Bugando. Anayepitia Biharamulo na Geita kwenda Mwanza hasubiri tena kivuko cha Busisi, kwani daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa Juni 2025. Mwenye macho ya manjano pamoja na homa na kutetemeka aende usiku huo huo. Na aliyepita miaka hamsini akapata manjano bila maumivu, akikonda, au kisukari kikamzukia ghafla, achunguzwe kwa picha, kwa kuwa saratani ya kongosho huanza hivyo na hakuna kipimo cha damu kinachotosha kuigundua mapema.

Mwalimu alifanyiwa upasuaji wa kutoa kifuko cha nyongo miezi miwili baadaye. Anasomesha. Nilikwenda kumtaka radhi, akanikaribisha chai, akaniambia nimpelekee mwanangu akifika umri wa kusoma.

Inshaallah toleo lijalo tutaangalia mawe ya nyongo, nani huyapata zaidi, na kama ni kweli yanayeyuka kwa mafuta ya zeituni na ndimu.

Wabillahi tawfiq.